Bima ya safari bila intaneti ni nusu ya ulinzi

Ushauri unaotolewa mara nyingi kwa anayesafiri nje ya nchi ni kwamba bima ya safari ni ya lazima, lakini intaneti aiamue mwenyewe kadiri ya mfuko wake. Wanaoushikilia wana hoja za kweli. Data ya romingi, yaani ya laini ya nyumbani inayotumiwa ugenini, humaliza fedha kabla mtu hajatambua, na Wi-Fi ya bure ipo hotelini na katika viwanja vya ndege. Uhai ukiwa hatarini, namba 112 hupigwa bila malipo katika nchi zote za Umoja wa Ulaya. Zaidi ya hayo, watu walisafiri miaka mingi na cheti cha bima cha karatasi, na walipodai fidia walilipwa.

Hoja hizo, hata hivyo, zinaiangalia bima kama hati ya kuonyesha mpakani, ilhali bima ni mawasiliano tangu mwanzo hadi mwisho. Namba 112 huleta gari la wagonjwa, haileti mlipaji. Mikataba mingi inamtaka anayelazwa, au aliye naye, aitaarifu kampuni kabla ya matibabu makubwa, au mapema iwezekanavyo ikiwa hali haikuruhusu, ili kampuni iipelekee hospitali dhamana ya malipo. Sharti hilo ndilo linalonisumbua zaidi, kwa sababu huandikwa katika kurasa ambazo wanunuzi wengi hawazifikii. Mtu anaweza kuwa na bima ya euro 30,000, kiwango cha chini kinachotakiwa kwa viza ya Schengen, ile ya kuingia nchi nyingi za Ulaya, na bado akaombwa amana taslimu mapokezini huku mguu umevunjika, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuifikia kampuni yake. Akijilipia, anaweza kukuta baadaye kwamba fidia imepunguzwa kwa sababu hakutoa taarifa. Wi-Fi ya hoteli haimsaidii aliyeanguka njiani, wala aliyeibiwa begi katika kituo cha treni, ambaye mara nyingi hutakiwa kuripoti polisi ndani ya saa 24.

Kwa wenye laini za nchi za Umoja wa Ulaya wanaotembea ndani ya Umoja huo, mjadala huu ni mdogo: tangu Juni 2017 hutozwa bei ya nyumbani, na sheria hiyo imeongezewa muda hadi 2032. Mgeni anayenunua laini katika nchi mojawapo naye mara nyingi hunufaika anapovuka kwenda nyingine, mradi asome kikomo cha kifurushi chake.

Kwingineko eSIM, laini ya kidijitali isiyo na kadi, imepunguza sana gharama, ingawa ina mitego yake. Kuiweka kunahitaji intaneti, kwa hiyo iwekwe kabla ya kuondoka, na simu iwe haijafungwa kwa mtandao mmoja. Nyingi hutoa data tu bila namba ya simu, kwa hiyo aliyeinunua hawezi kuitumia kupiga simu ya kawaida kwenda kituo cha msaada cha bima. Itambidi apitie programu. Nazo programu hazifanyi kazi kila mahali: WhatsApp imezuiwa China, na katika Falme za Kiarabu simu zake za sauti huzuiwa. Laini ya nyumbani ni vyema ibaki ndani ya simu, data ya romingi ikiwa imezimwa, maana namba za uthibitisho za benki mara nyingi huja kwa ujumbe mfupi.

Wanaotetea karatasi nawakubalia jambo moja bila kusita. Simu huibiwa na chaji huisha, hivyo namba ya bima na ya kituo cha msaada ziandikwe pia mahali pasipohitaji umeme. Lakini kabla ya kulipia bima yoyote, wakala aulizwe kama kituo hicho hupokea taarifa saa zote, na kama huzipokea kwa ujumbe wa intaneti au kwa simu ya kawaida pekee, kwa kuwa jibu lake ndilo litakaloonyesha ni laini gani ya kununua.