Mtikisiko tunauona, uzito hatuuoni

Mtu mwenye ugonjwa wa ubongo uitwao Huntington akipita sokoni Mwanga, hapa Kigoma, watu hugeuka. Mabega yanarukaruka, vidole vinajichezea, uso unakunjamana bila yeye kutaka. Huyu atasema amelewa, yule atasema amelogwa. Mtikisiko huo ndio unaompeleka hospitali, na ndio unaoandikiwa dawa.

Lakini katika mwili huohuo kuna jambo jingine ambalo halimgeuzi mpita njia shingo. Miondoko anayoitaka mwenyewe inakuwa mizito. Akitaka kuinua kikombe, mkono unachelewa kuanza. Ukianza, unakwenda polepole na kusita njiani. Wengi hudhani anayetikisika hawezi kuwa mzito. Anaweza, na mara nyingi ndivyo alivyo, asubuhi ileile na kwa mkono uleule.

Ugonjwa huu ni wa kurithi. Mzazi akiwa nao, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuupata, awe wa kike au wa kiume. Daktari George Huntington aliueleza mwaka 1872 huko Marekani, na jeni yenye hitilafu iligunduliwa mwaka 1993. Kwa kawaida dalili hujitokeza kati ya miaka 30 na 50, umri ambao mtu anategemewa na nyumba nzima.

Ndani ya ubongo kuna eneo liitwalo striatamu. Baadhi ya seli zake huzuia miondoko isiyotakiwa, nyingine husaidia kuanzisha ile inayotakiwa. Zinazozuia ndizo hutangulia kufa, hapo viungo vinaanza kujichezea. Zinazoanzisha hufuata. Miaka ikipita, mtikisiko mara nyingi hupungua, mwili unakakamaa, na uzito unatawala. Ndugu humshukuru Mungu kwamba mgonjwa wao sasa ametulia, kumbe kutulia huko ni ugonjwa kusonga mbele. Wala uzito hausubiri mwisho. Watu wenye jeni hii, hata kabla ya kuambiwa wanaumwa, wakipimwa kwa kugongesha kidole mfululizo huonekana wa polepole na wasio na mpigo sawa. Na kwa wanaoanza kuugua kabla ya miaka 20, kukakamaa na uzito mara nyingi ndiyo hutangulia, huku mtikisiko ukiwa kidogo au haupo. Mtoto wa namna hiyo mwandiko wake unaharibika, anashuka darasani, na anachapwa kwa uvivu.

Sasa ubishi wenyewe. Dawa za mtikisiko hufanya kazi kwa kupunguza nguvu ya dopamini, kemikali ambayo seli za ubongo hutumia kupelekeana ujumbe. Haloperidoli huizuia isifanye kazi yake. Tetrabenazini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2008 kwa mtikisiko wa ugonjwa huu, hupunguza akiba yake. Dopamini hiyohiyo ndiyo inayomsaidia mtu kuanza kusogea. Kwa hiyo dawa inayotuliza mabega inaweza kuongeza uzito wa mikono. Je, mgonjwa apewe?

Wanaosema apewe wana hoja nzito, na sitaki kuzipitia juujuu. Mtikisiko mkali humwangusha mtu. Humwagia uji wa moto, humsukuma kwenye jiko la mkaa. Humkondesha, kwa kuwa mwili usiopumzika unakula nguvu nyingi. Humfanya azomewe na watoto mpaka aache kutoka nje. Tena haloperidoli inapatikana kwa urahisi kuliko nyingi za aina yake, na husaidia pia hasira kali au kuona na kusikia visivyokuwepo, mambo ambayo ugonjwa huu unaweza kuyaleta. Familia isiyolala usiku haiwezi kuambiwa ivumilie tu.

Upande wa pili nao una jambo la kusema. Mtikisiko mwepesi mara nyingi haumsumbui mgonjwa. Wengine hata hawautambui. Wanaosumbuka ni sisi tunaomtazama. Tumfikirie mwanika dagaa pale Kibirizi. Mabega yanamcheza, lakini anabeba beseni, anatandaza, anageuza. Kibarua chake kitaponzwa na uzito: wenzake wamemaliza kichanja, wingu linakuja kutoka ziwani, na yeye bado yuko kwenye kona ya kwanza. Ataitwa goigoi. Mpe dawa ili mabega yatulie, halafu mkono uzidi kuchelewa. Majirani watasema amepona wakati yeye ndiyo kwanza amepoteza riziki. Uwezo wa kufanya kazi na kujihudumia hufungamana zaidi na uzito huo na kudhoofika kwa fikra kuliko na mtikisiko. Hapo ndipo ninapoegemea: mtikisiko usioumiza wala kumkosesha mtu raha uachwe bila dawa.

Kuna tatizo jingine ambalo pande zote mbili huliruka. Uzito una vyanzo vingi. Unaweza kuwa ugonjwa, unaweza kuwa dawa, unaweza kuwa sonona, unaweza kuwa kukosa ari kunakotokana na ubongo wenyewe. Tetrabenazini pia inaweza kuleta sonona na mawazo ya kujiua, kwa hiyo mtu aliyenyamaza baada ya kuianza asihesabiwe kuwa ametulia. Wanaokakamaa sana mwili, hasa vijana, wakati mwingine hujaribiwa levodopa, dawa inayoongeza dopamini. Wengi watategemea mazoezi ya viungo, kazi kugawanywa hatua kwa hatua, na muda. Muda ni mgumu kuliko dawa kwenye nyumba yenye watu wanane na sahani moja ya ugali, ninalijua hilo. Lakini koo nalo ni kiungo cha mwendo. Linapokuwa zito, kumharakisha mtu kumeza ugali na mgebuka wenye miiba ni kumfanya apaliwe, na chakula kinachoingia njia ya hewa huleta nimonia, ambayo huua wengi wa wagonjwa hawa.

Mwanika dagaa wetu akianza kuangukia makaa, nami nitasema apewe dawa, kwa kiwango kidogo, na arudishwe kliniki baada ya wiki chache. Siku hiyo, kabla mtu yeyote hajasifia mabega yaliyotulia, aulizwe anatumia muda gani sasa kufunga kanga, na ni nani anayemkatia mgebuka.