Kocha Aliyelelewa na Benchi

Mtu aliyekulia Tanga huchukua muda mrefu kuuelewa mchezo ambao Wamarekani huuita futiboli ilhali mpira wenyewe hushikwa mkononi kuliko kupigwa teke. Baada ya miaka mingi ya kuishi Minneapolis, kilichonivuta hatimaye ni safari ya kocha wa timu ya hapa, Minnesota Vikings, Kevin O'Connell, kwa sababu inagusa jambo linaloniuma kuhusu nyumbani, yaani namna tunavyowaacha wachezaji wetu wa zamani waondoke na ujuzi wao.

O'Connell alikuwa kwotabeki, yule mchezaji anayepokea maelekezo ya kocha, akayafikisha kwa wenzake, kisha akaamua ndani ya sekunde chache mpira amrushie nani. Mwaka 2008 New England Patriots walimchukua kutoka chuo kikuu cha San Diego State. Msimu huo Tom Brady aliumia goti katika mechi ya kwanza, lakini nafasi yake alipewa Matt Cassel, na O'Connell akabaki mchezaji wa akiba. Katika mechi za ligi alirusha pasi 6 tu maishani mwake, 4 zikafika, kisha akazunguka timu kadhaa bila kupata namba.

Kwetu mchezaji huyo angehesabiwa kuwa amekwisha. Hapa miaka yake ya benchini ilichukuliwa kuwa ni masomo, kwa kuwa kwotabeki wa akiba huhudhuria vikao vyote na kujifunza mbinu zote kana kwamba atacheza kesho. Mwaka 2015 Cleveland Browns walimwajiri kuwafundisha makwotabeki. Akapita San Francisco na Washington, akawa mratibu wa mashambulizi wa Los Angeles Rams waliotwaa Super Bowl, yaani fainali ya ligi, Februari 2022, na mwezi huohuo Vikings wakamkabidhi timu akiwa na umri wa miaka 36.

Msimu wa kwanza alishinda mechi 13 kati ya 17, ikiwemo ile ya Desemba 17 dhidi ya Indianapolis Colts, ambapo timu yake ilikwenda mapumziko ikiwa nyuma kwa 33-0 na bado ikashinda 39-36, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika NFL, ligi kuu ya mchezo huu. Lakini mimi naupa uzito zaidi msimu uliofuata. Kwotabeki wake mkuu, Kirk Cousins, aliumia, timu ikapoteza mechi 10, na kocha hakufukuzwa. Mwaka 2024 akashinda 14 na kuchaguliwa Kocha Bora wa Mwaka.

Nyumbani namtazama kocha Juma Mgunda, aliyewahi kuichezea Coastal Union ya Tanga. Simba walimwita Septemba 2022 baada ya kocha wa kigeni kuondoka, akawafikisha hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika, kisha akaletwa mgeni mwingine juu yake. Aprili 2024 aliitwa tena kushika timu kwa muda. Mwalimu anayeaminiwa nyumba inapoungua anastahili kuaminiwa pia wakati wa kujenga.

Sisemi kwamba ngazi ya Marekani iko wazi kwa wote, kwani mwaka 2003 NFL ililazimika kuweka kanuni ya kuzitaka timu ziwasaili pia makocha wa jamii za wachache, na manung'uniko hayajaisha hadi leo. Tena kuna jambo ambalo nyumbani tunawazidi. Huku mtoto wangu hafundishwi mpira mpaka nilipie ada, wakati mimi nilifundishwa bure, pamoja na watoto wengine zaidi ya ishirini, na mzee wa mtaani aliyewahi kucheza ligi, tukitumia mpira mmoja uliochakaa. Nilipokwenda likizo nilimkuta uwanja uleule, filimbi shingoni, akimwelekeza beki wa miaka kumi namna ya kusimama. Hajawahi kuitwa kwenye kozi hata moja ya ukocha.