Kitufe Kimoja, Nahodha Watatu

Katika mji wa Lamu huwezi kupita kichochoro bila kuulizwa wewe ni mwana wa nani na umetoka Langoni au Mkomani, na hata punda wa jirani yangu ana jina, ingawa huitikia pale tu apendapo. Sasa mimi nimekabidhiwa kutunza tovuti ya mwenye majahazi, ambayo fundi aliyenitangulia aliijaza fanksheni, yaani vipande vya programu vifanyavyo kazi moja moja, zisizo na majina, kisha simu yake ikawa haipatikani.

Aliiandika kwa JavaScript, lugha ya kuandikia programu ambayo Brendan Eich aliibuni mwaka 1995 kwa siku 10, na nikiutazama msimbo wenyewe naona fundi wetu alitaka kuivunja rekodi hiyo. Sikatai kwamba fanksheni isiyo na jina ina mahali pake: ukitaka kuchuja orodha ya wageni kwa mstari mmoja, kuipa jina ni kujisumbua bure. Lakini huyu bwana aliiweka kwenye kitufe cha kuagiza safari ya magofu ya Takwa, tena ndani ya kalenda, ili kila kalenda inapofunguliwa kitufe kibandikwe fanksheni nyingine. Mgeni akifungua kalenda mara tatu akitafuta siku ambayo maji yatakuwa yamejaa, kisha akabonyeza mara moja, yanakwenda maagizo matatu, na asubuhi nahodha watatu wanamgombania gatini mtu mmoja mwenye kofia.

Kinachoniudhi ni kwamba ingetangazwa fanksheni moja tu, nje ya kalenda, ikabandikwa kwa jina lake, kivinjari kingeitambua na kuipuuza ilipoletwa tena. Isiyo na jina huundwa upya kila mara, na kwa kivinjari ni mgeni mpya hata kama maneno yake ni yale yale. Nilipojaribu kuiondoa kwa removeEventListener, amri ya kubandua fanksheni kwenye kitufe, nikiwa nimeyanakili maneno yake yote, haikuondoka wala sikupewa onyo lolote. Zile fanksheni za mshale, ziandikwazo kwa alama =>, zilizoletwa mwaka 2015 zimezidisha balaa, kwani sasa kukosa jina kunahitaji herufi chache zaidi.

Nimeanza kuzipa majina. Mwenye majahazi amesikia, naye anataka ile ya kudai malipo iitwe kwa jina la shemeji yake, kwa kuwa, asema, hajaona adaiye kama yeye.