Siri ya Dickens Ilikuwa ya Nani?

Septemba 1860 Charles Dickens, mwandishi wa riwaya wa Uingereza, aliwasha moto nyumbani kwake Gad's Hill, huko Kent, akachoma barua alizoandikiwa kwa miaka mingi. Za kwake na Nelly Ternan, mpenzi wake wa siri, haijasalia hata moja. Halafu 2013 Ralph Fiennes akaja na filamu ya The Invisible Woman, aliyoiongoza mwenyewe na kuigiza nafasi ya Dickens, inayoyasimulia mapenzi hayo. Je, ni halali kufukua ambacho mwenyewe alikigeuza majivu?

Wanaosema si halali wana hoja. Walipokutana 1857 Nelly alikuwa mwigizaji wa miaka 18, rika la Kate, binti wa Dickens. Mwanamume alikuwa na 45. Dickens alimpangishia nyumba Slough, kisha Peckham, kwa jina la bandia la Tringham (nyumba ndogo kwa maana zote mbili). Dickens alipofariki 1870, Nelly alijipunguzia umri kwa zaidi ya miaka 10, akaolewa, akanyamaza hadi kaburini. Aliyejificha hivyo hakutaka kutafutwa. Filamu inamwingiza hadi chumbani, na kumzalisha mtoto mfu kule Ufaransa, jambo ambalo wanahistoria bado wanabishania. Mavazi na taa vimependeza kiasi kwamba unasahau kuwa hapo watu wanakisia.

Ningekuwa upande wao, kama si Catherine.

Huyu ndiye mke aliyemzalia Dickens watoto 10. Oktoba 1857 mume aliagiza mlango kati ya vyumba vyao uzibwe, na mwaka uliofuata akatangaza kutengana kwao kwenye jarida lake mwenyewe, akiapa kwamba uvumi wa uhusiano wake nje ya ndoa ni uongo. Kwenye filamu, bangili ya Nelly inafikishwa kimakosa kwa Catherine, naye anatumwa na mumewe akaipeleke. Joanna Scanlan, anayemwigiza Catherine, anaibeba aibu hiyo bila kugomba, na kwangu hakuna tukio linalouma kama hilo. Baada ya hapo kamera inarudi kwa Nelly na ufukwe wa Margate, nami nikabaki nikimtafuta yule mama.

Kwa sababu Catherine hakuchoma kitu. Alipokuwa mahututi 1879, alimkabidhi Kate barua za Dickens zipelekwe British Museum, makumbusho ya London, walimwengu wajue kwamba aliwahi kupendwa. Kwake yeye kufukua ilikuwa haki anayoidai. Kosa la filamu, basi, naliona katika kumfukua zaidi yule aliyetaka kufichwa, na kumpa dakika chache aliyeomba ajulikane.

Na Dickens mwenyewe? Fungueni wosia wake. Wa kwanza kutajwa ni Nelly, pauni 1,000. Catherine anatajwa mbele zaidi, ambapo mumewe anakumbusha kuwa amekuwa akimpa pauni 600 kila mwaka, huku gharama zote za familia zikimwelemea yeye peke yake.