Sentensi Inayorudi Kinyumenyume: Hoja au Sauti Tu?

Januari 20, 1961, John F. Kennedy aliapishwa kuwa rais wa Marekani na kutamka maneno yanayonukuliwa hata na wasiojua jambo jingine lolote alilosema: usiulize nchi yako itakufanyia nini, uliza wewe utaifanyia nini nchi yako. Nusu ya pili inayachukua maneno ya nusu ya kwanza na kuyapanga kinyumenyume. Sikio linaridhika, na mara nyingi akili nayo inanyamaza.

Mwaka uliofuata mwanauchumi Milton Friedman alifungua kitabu chake, Capitalism and Freedom, kwa kuishambulia sentensi hiyohiyo. Nusu ya kwanza, alisema, inamfanya raia mtu wa kulelewa na serikali. Ya pili inamfanya mtumishi wake. Mtu huru haulizi lolote kati ya hayo. Sikubaliani na Friedman kuhusu kazi ya serikali, lakini hapa aliona vizuri: mambo mawili yakilingana kwa sauti, tunadhani la tatu halipo. (Wanasiasa wetu nao huiazima, hasa wananchi wanapodai maji na zahanati.)

Watetezi watasema hotuba si tasnifu, na neno linalokumbukika huwasukuma watu. Ni kweli. Vijana wa Kimarekani walijitolea kupitia Peace Corps, mpango wa serikali yao wa kupeleka watu wa kujitolea nchi za nje, na wapima ardhi na wahandisi wa mwanzo walifika Tanganyika mwaka huohuo wa 1961. Ila wazo la mpango huo Kennedy alishalinadi katika kampeni za 1960. Sentensi ililitangaza tu.

Mimi hutazama kilichoizunguka sentensi. Frederick Douglass, aliyezaliwa utumwani Maryland, Marekani, aliandika katika simulizi ya maisha yake ya 1845: mmeona jinsi mtu alivyofanywa mtumwa, mtaona jinsi mtumwa alivyofanywa mtu. Kabla ya hapo ameshaeleza alivyokodishwa kwa Edward Covey, mtu aliyesifika kwa kuwavunja watumwa, na alivyochapwa hadi akakata tamaa. Baada ya hapo inakuja siku ambayo Douglass, kijana wa miaka kama 16, alimkaba Covey koo wakapigana karibu saa mbili. Covey hakumchapa tena. Kila nusu ina ushahidi wake, na ukizibadilisha nafasi simulizi inavunjika. Ya Kennedy ukiigeuza, mpinzani wake anaweza kuihutubia kesho na kupigiwa makofi yaleyale.