Ukipiga Windows Upya, Gemu Yako Inarudi?

Desemba 2014 kampuni ya Ubisoft ilitoa The Crew, gemu ya mbio za magari. Tarehe 31 Machi 2024 ikazima seva zake, yaani kompyuta za kampuni zinazoiendesha mtandaoni, na kwa kuwa gemu hiyo ilitegemea seva hata ukicheza peke yako, ikawa haichezeki tena. Muda si mrefu wanunuzi wakakuta leseni zao nazo zimefutwa. Hata kuipakua ikae tu kwenye diski haikuwezekana.

Kuna wanaosema gemu za kupakua zote ni wizi wa mchana, na kisa hiki ndicho ushahidi wao. Naona wanazidisha. Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta lililoanza 2003, limeokoa gemu nyingi kuliko lilizopoteza: laptopu ikiibwa, au fundi akipiga Windows upya, unaingia kwenye akaunti na kila ulichonunua kipo. Hata gemu iliyoacha kuuzwa, kwa kawaida aliyeinunua bado anaipakua. Enzi za sidii, ikichubuka ndiyo basi. Na diski mkononi haikuwa kinga kila mara: gemu ya Spore ya 2008 mwanzoni iliruhusu kompyuta tatu tu.

Ila ruhusa inabaki kwa mwenye duka. Januari 2024 Steam iliacha kuhudumia Windows 7 na 8. Kwetu, kompyuta za mtumba zimejaa. Gemu ya zamani mashine inaimudu vizuri, programu ya duka ndiyo imeikataa. Halafu kuna bando. Ukishusha GB 60 mara moja, hutaki kuzirudia. Steam inakuruhusu kuhamishia nakala kwenye diski ya nje, lakini kuirudisha bado kunapitia kwenye programu yao na akaunti yako.

GOG, duka la Poland, linakupa faili la kusakinishia lisilomuuliza mtu yeyote. Lihifadhi, lisakinishe hata mahali pasipo na intaneti. Mzigo sasa ni wako: diski ikifa bila nakala nyingine, umerudi dukani, na masasisho unayafuata mwenyewe. Gemu kubwa mpya nyingi nazo hazifiki huko, au zinafika zimechelewa.

Tangu 2025 sheria ya California inayataka maduka yamwambie mnunuzi kuwa anapata leseni tu. Onyo lenyewe sidhani kama litamzuia mtu kubonyeza kitufe. Kilichonivutia ni msamaha uliomo: gemu unayoweza kuipakua ukabaki nayo daima na kuitumia bila mtandao haihitaji onyo hilo. Hapo wametambua tofauti yenyewe.

Kampuni hujitetea kwamba seva ni gharama. Kwa gemu inayoishi kwa wachezaji wengi mtandaoni nakubali. Hiyo nailipia kama kiingilio cha mpira. Kwa gemu ya mtu mmoja utetezi huo hauna miguu. Septemba 2024, baada ya kelele zote zile, Ubisoft hiyohiyo iliahidi kuwa The Crew 2 na The Crew Motorfest zitapata namna ya kuchezwa bila mtandao.