Ushuhuda wa ambaye bado anaumwa

Kwenye ibada zetu hapa Kigoma, kuanzia Mwanga hadi Ujiji, kipindi cha ushuhuda kina kanuni ambayo hakuna aliyeiandika: unasimama ukishavuka. Aliyepona anasimama, aliyepata kazi anasimama, na mvuvi aliyenusurika dhoruba ziwani pia. "Bwana Yesu asifiwe!" Vigelegele. Yule ambaye sukari bado inampanda na kidonda cha mguu hakifungi anabaki kwenye benchi, anawapigia wenzake makofi.

Naona hapo tumepotoka. Katika 2 Wakorintho 12 Paulo anasimulia kwamba alimsihi Bwana mara tatu amwondolee mwiba uliokuwa mwilini mwake. Haukuondoka. Alijibiwa, "Neema yangu yakutosha, maana uweza wangu hutimilika katika udhaifu." Mstari huu tunaubandika hadi kwenye vioo vya daladala, kisha tunahubiri kana kwamba mwiba uling'oka. Na kwa Wagalatia anakwenda mbali zaidi: aliwahubiri mara ya kwanza kwa sababu ya udhaifu wa mwili. Angekuwa mzima, huenda angewapita. Nao hawakumuuliza katenda dhambi gani. Sisi tungemuuliza, au tungemwambia imani yake haitoshi, neno ambalo nimesikia likiambiwa wagonjwa na ambalo linaumiza kuliko sindano.

Wageni wanaofika kwenye mnara wa Ujiji huonyeshwa mahali mmisionari Livingstone alipokutana na mwandishi wa habari Stanley mwaka 1871, na hadithi inakuwa ya mashujaa wawili. Mimi inanigusa zaidi Livingstone alivyoingia Ujiji mara ya kwanza, Machi 1869. Homa ya mapafu ilikuwa imemlaza kabisa. Alibebwa kwenye machela hadi ziwani, kisha akavushwa kwa mtumbwi, akiwa chini ya uangalizi wa Mohamad Bogharib, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa. Biashara hiyo ya watumwa ndiyo aliyokuwa akiipigia kelele! Unyonge ulimwondolea hata nafasi ya kuchagua nani amuuguze. Sisemi utumwa ulipata heri kwa hilo, hasha. Nasema mhubiri naye alifika hapa kwa mabega ya watu.

Na kubebwa ndiko kunakotushinda. Mwanamume wa Kibirizi aliyezoea kuvuta nyavu za dagaa usiku kucha, mgongo ukimgomea, yuko radhi alale na njaa kuliko kumwomba jirani. Mbele za Mungu anajiita dhaifu kila sala. Mbele ya shemeji yake, hathubutu. Nguvu anayoisema Paulo, nijuavyo mimi, inaanzia hapo kwa shemeji.

Simkatazi mtu kuomba uponyaji. Paulo mwenyewe aliomba, na dawa za hospitali zimezwe kama daktari alivyoandika. Ninachotaka ni Jumapili moja tu mama asimame na kusema: bado naumwa, jana nililia, leo nimemshukuru Mungu, na sina wa kunichotea maji. Ushuhuda wa aliyepona tunaujibu kwa vigelegele na kwenda nyumbani; huu ungetulazimu kubeba ndoo.

Wazee wa kanisa watasema ratiba imejaa. Sawa, ila matangazo ya michango sijawahi kuona yakikosa nafasi.